Msaidizi wa sauti nyumbani: mwongozo kamili kwa sisi wa Mwanza, kuanzia simu uliyonayo mkononi

Saa kumi na moja alfajiri mikono yangu huwa imejaa unga mpaka viwikoni. Chapati za oda lazima zitoke kabla ya saa moja, simu inaita siwezi kuishika, nataka kujua muda siwezi kuifungua, maharage yako jikoni na sikumbuki nimeyabandika saa ngapi. Binti yangu ndo aliniambia, mama si uongee nayo tu. Nikamcheka. Saivi mi ndo namfundisha yeye, na majirani hapa Buzuruga washanichosha kwa maswali, kwa hiyo naandika yote mahali pamoja.

Ninachoongelea ni msaidizi wa sauti, yaani ile programu unayoiita kwa jina afu unaipa kazi kwa mdomo. Kwenye Android ni Google Assistant, ipo tangu 2016, ila simu nyingi mpya utakuta Gemini, ya Google hao hao, ndo imekaa kwenye kiti chake. Kwenye iPhone ni Siri, ya tangu 2011. Afu kuna Alexa ya Amazon ambayo wengi wanaijua kupitia spika za Echo, zile za kuweka mezani zenye msaidizi ndani yake. Kitochi cha kawaida hakina hii kitu, usihangaike nacho.

Na jambo la kwanza kabisa: usikimbilie spika. Kila mtu akisikia habari hizi anaanza kutafuta ndugu wa Marekani amletee spika. Subiri. Tumia simu yako mwezi mzima kwanza, ukiona hukuitumia hata mara mbili kwa siku basi na spika utaifunika kitambaa kama ile blenda. Ya spika nimeiweka huko chini.

Hatua ya 1: Ifundishe simu sauti yako

Kwenye Android fungua programu ya Google, gusa picha yako pale juu kulia, ingia setingi, tafuta palipoandikwa Google Assistant au Gemini kutegemea na simu yako, humo ndani utakuta sehemu inaitwa Voice Match. Washa. Itakuomba useme "Hey Google" mara kadhaa. Kwenye iPhone ingia setingi, nenda Siri, washa ile ya kusikiliza unapoiita, nayo itakuomba useme maneno kadhaa.

Hii kazi ifanye mahali pametulia. Mi mara ya kwanza niliifanya mvua inanyesha na nyumba ni ya bati, simu ikawa hainisikii mpaka nipige kelele kama kondakta wa Igoma. Nikafuta, nikarudia usiku watoto wamelala, ikakaa sawa. Na uisemee kwa sauti yako ya kawaida, sio ile sauti ya kuongea na wageni, maana alfajiri ukiwa na usingizi ndo utaiita na hiyo ndo sauti inayotakiwa kuijua.

Kama hutaki simu iwe inasikiliza muda wote (na wapo wasiotaka, nawaelewa), acha Voice Match ikiwa imezimwa. Utakuwa unabonyeza na kushikilia kitufe cha pembeni au cha katikati, inafunguka, unaongea. Kasoro yake ni kwamba kitufe kitapakaa unga.

Hatua ya 2: Lugha, hapa ndo wengi wanakata tamaa

Tuseme ukweli. Siri haijui Kiswahili. Alexa haijui Kiswahili. Google Assistant ya zamani nayo ukiingia kwenye orodha ya lugha zake Kiswahili hukikuti, inataka Kiingereza au lugha nyingine za wenyewe. Gemini ndo inaelewa Kiswahili, ukiiuliza kwa Kiswahili inajibu kwa Kiswahili, na ChatGPT, programu nyingine ya aina hiyo, pia ukiongea nayo kwa sauti mnaelewana. Kwa hiyo mi nimegawa kazi. Amri fupi fupi za simu, kama alamu, taima, tochi, kupiga simu, natumia Kiingereza changu cha kuungaunga. Maswali na maelezo marefu, Kiswahili.

Usiogope hicho Kiingereza, amri zenyewe hazifiki kumi na unaweza kuzikariri kama nyimbo. Nimemwandikia mama mkwe kwenye karatasi kama zinavyotamkwa, nikabandika ukutani juu ya jiko:

Hei Gugo, set taima, foti minits.
Hei Gugo, wati taimu iz iti.
Hei Gugo, teni oni flashilaiti.
Hei Gugo, koli Boda.

Ya kwanza inaweka taima ya dakika arobaini, ya pili inauliza saa, ya tatu inawasha tochi, ya nne inampigia boda. Inaelewa! Haihitaji uwe umesoma Uingereza, inahitaji usiharakishe na usiweke maneno mengi katikati. Ukianza "naomba kama unaweza unisaidie kuweka", umeshapotea.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, na kwangu ndo kitamu kuliko vyote, ni kuandika kwa mdomo kwa Kiswahili. Kibodi ya Gboard inaandika Kiswahili unachoongea tangu 2017 na wengi bado wanachapa kwa kidole gumba. Gusa sehemu yoyote ya kuandika, gusa alama ya gia juu ya kibodi, ingia kwenye lugha, ongeza Kiswahili, chagua cha Tanzania. Rudi kwenye meseji, gusa maiki, ongea. Inakosea, ndio. Mama mkwe wangu ni Msukuma wa Magu na kwake karanga ni "kalanga", sasa ilivyomwandikia siku ya kwanza tulicheka mpaka machozi. Ila sentensi ndefu inazipata vizuri kuliko neno moja moja, kwa hiyo ongea kama unavyoongea, afu pitia kwa macho kabla ya kutuma. Kisukuma hakimo kabisa. Kila asubuhi anaisalimia kwa Kisukuma "mwangaluka" na kila asubuhi inamtafutia vitu vya ajabu.

Hatua ya 3: Saa. Soma hapa mara mbili

Hili ndo kosa lililoniuma. Siku moja saa nne usiku nimechoka, nataka kuamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikaiambia kwa Kiingereza iweke alamu ya "ileven". Kumi na moja ni ileven, si ndio? Ikasema sawa. Baada ya lisaa limoja alamu ikalia nyumba nzima. Mama mkwe akatoka na kanga yake, akawasha mkaa, akabandika chai, mimi nikaanza kukanda unga huku nasinzia, mpaka baba watoto anatoka chumbani kuuliza kulikoni, ndo tunasikia jirani bado anapiga singeli. Ilikuwa saa tano usiku.

Kosa langu mwenyewe, simu ilifanya nilichosema. Saa ya kwetu inaanza kuhesabu jua likichomoza, ya Kizungu inaanza usiku wa manane, zinapishana masaa sita. Kanuni ni hii: chukua saa ya Kiswahili, ongeza 6, ikizidi 12 toa 12. Saa 11 alfajiri, 11 na 6 ni 17, toa 12 unapata 5, basi sema "faivu ei em". Saa 1 asubuhi ni "seveni ei em". Saa 9 alasiri ni "thrii pi em". Saa 2 usiku ni "eit pi em". Hiyo ei em na pi em usiiache, ei em ni kuanzia usiku wa manane mpaka mchana wa saa sita, pi em ni nusu iliyobaki.

Na hata ukiongea nayo kwa Kiswahili usiamini kwamba itajua unahesabu saa gani. "Saa kumi na moja" inaweza kuichukua kama 5 ya Kizungu, au kama 11 ya Kizungu. Dawa yake ni moja, ikishamaliza kuweka huwa inarudia saa iliyoweka, sasa usigeuke kulala kabla hujaisikia. Mi siku hizi naangalia na kioo cha simu pia.

Hatua ya 4: Kazi zenyewe za kila siku

Jikoni, taima ndo mfalme. Maharage yakianza kuchemka naweka dakika arobaini, ya chapati sihitaji maana mkono unajua. Unaweza kuweka taima mbili kwa pamoja ukizipa majina, moja "raisi" (wali) moja "binzi" (maharage), ikilia inakwambia ni ipi. Gesi imepanda bei jamani, mtungi wangu ulikuwa unaisha mapema kwa sababu ya kusahau sufuria tu.

Orodha ya sokoni. Zamani nilikuwa nafika Mwaloni pale Kirumba nanunua dagaa na sato, narudi nyumbani nakuta chumvi hakuna. Sasa kitu kikiisha nasema hapo hapo. Nimefungua chati ya WhatsApp ya kujitumia mwenyewe, nabonyeza maiki ya kibodi, "mafuta lita moja, vitunguu, ndimu, sangara nusu kilo", natuma. Kuna programu za orodha za kila aina lakini hii ya WhatsApp hata baba watoto naweza kumrushia akiwa njiani, hana kisingizio.

Kupiga simu. Hapa kuna siri ndogo. Msaidizi anayesikiliza Kiingereza hawezi kuyapata majina tunayosevu, mtu umemsevu "Fundi Umeme Mkuyuni Mrefu" unategemea nini? Ingia kwenye majina, wale unaowapigia sana wape jina fupi la neno moja au mawili, Boda, Fundi, Mama Duka. Mawifi zangu wako wanne, nikawapa namba, Wifi One mpaka Wifi Four. Hawajui na wasijue. Jina la wifi lenyewe lilinisumbua kidogo maana simu ilidhani naongelea intaneti.

Hali ya hewa. Ukiuliza mvua, taja "Mwanza Tanzania", kwa sababu Malawi nako kuna Mwanza, wilaya kabisa mpakani na Msumbiji, na kama umezima lokesheni unaweza kuletewa jua la watu wengine. Kwa nguo za kuanika na dagaa wa kuanika nyumbani inatosha. Kwa anayeingia ziwani haitoshi hata kidogo. Ile ni ya mji kwa ujumla, upepo wa ziwa unabadilika ghafla, mvuvi afuate utabiri wa Ziwa Victoria unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa na asikilize wazee wa mwalo. Nina shemeji yangu wa karabai, anavua dagaa usiku kwa taa, nimemwambia hivo hivo.

Dawa. Mama mkwe ana presha na macho yana mtoto wa jicho, herufi za simu haoni. Nimemwekea alamu ya kila siku mara mbili, asubuhi na usiku, na mlio wake nimeuchagua tofauti na milio yote ya nyumba hii, akiusikia anajua ni kidonge hata kama mi nipo sokoni. Siku ya kliniki Bugando naweka kumbusho la jana yake jioni, sio la siku yenyewe, maana kumbusho la siku yenyewe linakukuta hujafua hata gauni la kuvaa. Ila dozi usiiulize mashine. Kidonge kimesahaulika ule viwili au uache, hilo ni swali la daktari au mtu wa duka la dawa.

Tochi. Umeme ukikatika usiku hujui simu umeiweka wapi, unaiita gizani "teni oni flashilaiti" inajiwasha yenyewe hapo ilipo, na unaiona. Hii peke yake ilimfanya baba watoto aache kudharau.

Watoto. Binti wa darasa la tano anaulizwa jedwali na Gemini kwa Kiswahili, anasema "niulize jedwali la saba, nikikosea usinipe jibu kwanza", wanaendelea. Spelingi za Kiingereza pia, neno analisikia linavyotamkwa, mimi nisingeweza. Masharti ni mawili, sebuleni sio chumbani, na insha aandike mwenyewe.

Kusoma meseji kwa sauti, hapo siwezi kukudanganya. Ukiiambia Google Assistant iliyo kwenye Kiingereza ikusomee meseji ya Kiswahili inaisoma kama mtalii aliyeshuka jana, "habari za asubuhi" huitambui. Kwa wazee voisi noti bado ndo mpango. Na redio sikiliza kwenye redio, FM haili bando.

Hatua ya 5: Isichokijua inakitunga

Hawa wa kisasa wanaojibu kila swali wana tabia ya kujibu hata wasichokijua, tena kwa adabu kabisa. Niliuliza njia ya kwenda Sengerema kwenye msiba, nikapangiwa nifike Kigongo nisubiri kivuko, wakati daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025 na magari yanapita juu, kilomita 3 unazimaliza kwa dakika chache. Mi mkazi nilijua. Mgeni angejua? Kwa hiyo ratiba ya meli ya Ukerewe piga simu bandarini, bei ya samaki uliza Mwaloni, nauli uliza stendi. Mashine iulize vitu visivyobadilika, gramu ngapi ziko kwenye kilo, barua ya kuomba ruhusa inaanzaje, neno fulani kwa Kiingereza ni lipi.

Hatua ya 6: Sasa ile spika

Kama mwezi umepita na bado unaitaka, haya. Kwanza, spika nyingi za hivi hazina betri. Umeme ukikatika imekufa, na hata ukiirudishia umeme bila ruta kuwaka ni urembo tu, inahitaji waifai muda wote. Kuiunga kwa hotspoti ya simu inawezekana ila ukitoka na simu umetoka na ubongo wake. Hapo ndo utaona kwa nini nilisema anza na simu, simu ina chaji na ina bando.

Pili, ukiletewa kutoka Marekani geuza adapta usome palipoandikwa INPUT. Ikiwa 100–240V unatafuta soketi ya kubadilishia miguu tu, unachomeka. Ikiwa 120V peke yake usiichomeke, umeme wetu ni 230V, utanusa harufu. Ukishaiwasha hakikisha saa yake imewekwa Afrika Mashariki, sio ya huko ilikotoka, maana alamu utazisikia za New York. Na ichomeke kupitia gadi, umeme ukirudi huwa unarudi na hasira.

Plagi na taa za kuamrisha kwa sauti ni nzuri kwa mtu ambaye goti linamuuma kuinuka. Angalia kiwango kilichoandikwa kwenye plagi, ya ampea 10 kwa umeme wetu inabeba kama wati 2300, birika kubwa na pasi zinafika huko huko, mi nisingechomeka. Feni na taa tu. Na ujue taa nyingi za aina hiyo umeme ukirudi usiku zinajiwasha zenyewe hadi ubadilishe kwenye programu yake, LUKU inaliwa wewe umelala.

Hatua ya 7: Masikio yake

Hiki kitu kinasubiri jina lake, kikilisikia ndo kinaanza kurekodi na kupeleka sauti kwenye kompyuta za kampuni huko mbali. Tatizo kinasikia vibaya wakati mwingine, hata tamthilia ya kwenye TV inaweza kukiamsha. Spika nyingi zina kitufe cha kuzima maiki, wageni wakija na maongezi ya ndoa kibonyeze. Kwenye simu, ingia myactivity.google.com, utakuta vitu ulivyoiuliza na kama uliruhusu kuhifadhi sauti utazikuta na zenyewe, futa, afu weka ijifute yenyewe kila baada ya miezi 3. Siri nayo ina sehemu ya kufuta historia kwenye setingi.

Namba ya siri ya M-Pesa au ya benki usiitamke mbele yake, wala usimwombe mtoto aisome kwa sauti ili wewe uandike. Majibu ya mambo yako binafsi yazime simu ikiwa imefungwa, kuna kitufe chake huko huko kwenye setingi za msaidizi, la sivyo yeyote anayeokota simu yako kwenye daladala ya Nyegezi anaweza kuiuliza kesho unaenda wapi.

Na siku ukimpa mdogo wako simu ya zamani, toa akaunti yako kwanza afu ifute yote irudi kama mpya. Mi nilimpa tu hivi hivi, wiki nzima alamu za dawa za mama mkwe zilikuwa zinalia Geita.